VVU mashariki mwa Kongo: dawa ndiyo imfuate mtu, si mtu kuifuata dawa

Kamituga ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, jimbo la Kivu ya Kusini. Mchana wachimbaji wanashuka mashimoni. Usiku wanapanda, wanaoga, wanaingia kwenye baa zenye vyumba vya nyuma, ambamo wanawake na wasichana wengine wadogo sana wanatafuta chakula cha kesho. Ni katika mji huo, tangia Septemba 2023, waganga walianza kupokea wagonjwa wenye vidonda visivyo vya kawaida. Wataalamu walipochunguza wagonjwa 108 wa miezi ya kwanza, waliona aina mpya ya virusi vya mpox, na waliona pia kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa hao walikuwa wanawake wanaouza mwili. Kutoka hapo ugonjwa ulipanda magari na motari. Ulifika Bukavu, Uvira na Goma, ukavuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kuwa ni dharura ya dunia nzima.

Mpox si VVU. Lakini njia waliyopita virusi hivyo ni ile ile ambayo virusi vya Ukimwi vinaipita kila siku bila kelele: mchimbaji, mwanamke wa baa, dereva wa lori, askari, mfanyabiashara wa mpakani, kisha mke aliyebaki nyumbani. Tofauti ni moja tu. Mpox inaonekana kwenye ngozi baada ya siku chache, na kila mtu anaogopa. VVU vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na wakati huo vinaendelea kusafiri. Kama ugonjwa unaoonekana kwa macho uliweza kuenea kiasi hicho kabla viongozi hawajashtuka, kila mtu anaweza kujiuliza ni mambo gani yanayopita Kamituga, Misisi, Rubaya au Mongbwalu bila kuonekana.

Kulingana na makadirio ya ONUSIDA, watu karibu 520,000 wanaishi na VVU nchini Kongo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na watoto ni karibu 50,000. Ukilinganisha na nchi za kusini mwa Afrika, kiwango hicho ni kidogo, na ndiyo sababu viongozi wengi wanadhani kuwa tatizo limekwisha. Lakini wastani wa nchi unaficha mengi. Virusi havikugawanyika sawasawa kati ya wakaaji wote. Vinakaa zaidi mahali ambapo maisha ni magumu na huduma ni chache: kwa wanawake wanaouza mwili, kwa wanaume wanaolala na wanaume, kwa wanaojidunga madawa ya kulevya, kwa wafungwa, na kwa wateja na wapenzi wao. ONUSIDA ilikadiria kwamba, duniani kote, makundi hayo na watu wanaolala nao walikuwa na zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya mwaka 2022. Mashariki mwa Kongo, vita imeongeza wengine kwenye orodha hiyo: wakimbizi wa ndani, wanawake waliobakwa, askari wa kila upande, na vijana waliokimbilia machimboni kwa sababu mashamba yao hayafikiki tena.

Hao ndio wanaohitaji programu za kuzuia na kutibu VVU kabla ya wengine wote. Na hao ndio programu hizo zinawafikia mwisho.

Kongo ilikwisha kuonyesha njia

Wanaosema kwamba haiwezekani kufanya kazi na watu wa aina hiyo wanasahau historia ya nchi yao. Mwaka 1984, wakati ugonjwa ulikuwa bado mpya na watu wengi walikuwa wanauita kwa majina ya kuficha, ulianzishwa mjini Kinshasa mradi wa utafiti ulioitwa Projet SIDA. Ndani yake walifanya kazi waganga wa Kongo, iliyokuwa Zaire, pamoja na wenzao kutoka Marekani na Ubelgiji. Miaka michache baadaye, wahudumu wa mradi huo walifungua kliniki Matonge kwa ajili ya wanawake wanaouza mwili. Hawakuwahubiria. Hawakuwaita polisi. Waliwapa kondomu, walizungumza nao mmoja mmoja na kwa vikundi, na kila mwezi waliwapima na kuwatibu magonjwa ya zinaa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la waganga The Lancet. Kati ya wanawake zaidi ya 500 ambao hawakuwa na VVU mwanzoni, wale waliotumia kondomu mara kwa mara walipanda kutoka 11 kwa mia hadi 68 kwa mia. Maambukizi mapya yalishuka kutoka karibu 12 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka hadi 4 na kitu, katika muda wa miaka mitatu. Wakati huo hakukuwa na dawa za ARV kwa Mkongomani wa kawaida. Hakukuwa na kidonge cha kujikinga. Kulikuwa na kondomu, dawa za kutibu kisonono na kaswende, na wahudumu waliokubali kumheshimu kila mwanamke aliyepita mlangoni.

Kilichofuata nacho kinafaa kukumbukwa. Mwezi wa Septemba 1991, askari wasiolipwa mishahara walianza kupora Kinshasa. Wageni wakahamishwa, mradi ukafungwa. Kazi iliyokuwa inaokoa maisha ilikatika, si kwa sababu ilishindwa, bali kwa sababu ilitegemea fedha, vifaa na watu ambao wangeweza kuondoka kwa siku moja.

Kosa lile lile, miaka 34 baadaye

Januari 2025 mambo mawili yaligongana mashariki mwa Kongo. Tarehe 20, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha kwa siku 90 misaada yake kwa nchi za nje. Mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003 na rais George W. Bush, ulikuwa unasaidia karibu nusu ya Wakongomani waliokuwa kwenye dawa za ARV, hasa Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Mapema Februari ilitolewa ruhusa ya kuendelea na matibabu ya kuokoa maisha. Lakini kuhusu PrEP, yaani dawa ya kujikinga kabla ya kuambukizwa, ruhusa ilikuwa kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Mwanamke anayeuza mwili, mwanaume anayelala na wanaume, kijana anayejidunga: wote wakaachwa nje. Watu walio kwenye hatari kubwa kuliko wote ndio waliotolewa wa kwanza.

Wiki hiyo hiyo, waasi wa AFC/M23 walikuwa wanakaribia Goma. Waliingia mjini mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari wakafika Bukavu. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa, benki zikafunga milango, maghala ya mashirika ya misaada yakaporwa. Kambi za wakimbizi zilizokuwa zinazunguka Goma zikavunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakabeba magodoro yao tena. Kila mgonjwa wa VVU aliyekuwa anachukua dawa kwenye kituo cha kambi alijikuta njiani, bila kituo, na pengine bila fishi ya kuonyesha anatumia dawa gani.

Kuna anayeweza kusema kwamba hakuna programu inayoweza kustahimili pigo kama hilo. Si kweli kabisa. Programu inayompa mgonjwa dawa za miezi sita inamwacha na miezi sita ya uzima mkononi, hata kama barabara imefungwa. Programu inayompa dawa za mwezi mmoja inamwacha na wiki chache. Jambo hilo si la siri. OMS inaruhusu mgonjwa aliyetulia kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, na Kongo imekubali utaratibu huo. Lakini ghala la jimbo likiwa na dawa kidogo, muuguzi anagawa kidogo kidogo ili kila mtu apate. Hapo anayetoka mbali, kwa miguu au kwa motari ya kulipa, ndiye anayechoka wa kwanza.

Saa 72

Kuna huduma moja ambayo haiwezi kungoja hata wiki. Mtu aliyebakwa anaweza kuzuiwa kupata VVU akianza dawa za PEP kabla ya saa 72 kupita, na kuzimeza kwa siku 28. Siku ya kwanza ni bora kuliko ya pili, na ya pili ni bora kuliko ya tatu. Baada ya hapo mlango unafungwa.

UNICEF ilitangaza kwamba katika wiki moja tu, kati ya tarehe 27 Januari na 2 Februari 2025, idadi ya waliobakwa waliopokelewa katika vituo 42 vya afya iliongezeka mara tano. Kwa miezi ya Januari na Februari, shirika hilo lilizungumzia karibu visa 10,000 vya ubakaji na ukatili wa kingono mashariki mwa Kongo, na watoto walikuwa kati ya 35 na 45 kwa mia. Hao ni wale waliofika kwa muganga. Aliyejificha msituni, aliyeogopa kupita kwenye kizuizi cha askari, au aliyeona haya kumwambia mama mkwe wake, hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa pima saa 72 kwenye ramani. Msichana amebakwa shambani, kilomita 40 kutoka hospitali kuu ya zoni ya afya. Siku ya kwanza anakaa kimya. Siku ya pili anamwambia shangazi. Siku ya tatu wanatafuta pesa ya motari. Wakifika kwenye kituo cha afya cha karibu wakaambiwa kwamba kiti cha PEP kiko hospitali kuu, basi programu hiyo imemshinda msichana huyo, hata kama kwenye ripoti imeandikwa kwamba zoni ya afya ina PEP. Dawa iliyo ndani ya kabati la mjini si dawa kwa mtu aliye kijijini.

Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ambayo mwanzilishi wake, daktari Denis Mukwege, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, imefundisha dunia kwamba mwanamke aliyebakwa anapaswa kupata kila kitu mahali pamoja: matibabu, msaada wa moyo, wanasheria na njia ya kujitegemea. Fundisho hilo linaheshimiwa mahali pengi. Kilichobaki ni kushusha angalau sehemu yake ya kwanza, ile ya saa 72, mpaka kwenye kituo cha afya cha mwisho kabisa kwenye barabara.

Wanaofungwa pamoja na virusi

Magereza yanaonyesha tatizo hilo kwa uwazi zaidi. Gereza kuu la Makala mjini Kinshasa lilijengwa kwa wafungwa 1,500, na limebeba zaidi ya 10,000. Muzenze ya Goma nayo ilikuwa na wafungwa wengi mara nyingi kuliko nafasi zake. Wanaume wanalala kwa zamu, wembe mmoja unapita kwa wengi, kifua kikuu kinatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na ngono, ya kulazimishwa au ya kununuliwa kwa chakula, ni jambo ambalo kila mlinzi analijua na hakuna anayeliandika.

Tarehe 27 Januari 2025, maelfu ya wafungwa walitoroka Muzenze. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake wasiopungua 165 waliokuwa wamefungwa humo walibakwa, na wengi wao walikufa katika moto uliofuata. Wafungwa waliokuwa wanameza ARV au dawa za kifua kikuu waliondoka na wenzao, wakaingia mitaani. Katikati ya Februari, gereza kuu la Bukavu nalo lilifunguliwa.

Mfungwa si mtu wa kubaki ndani milele. Anatoka kwa msamaha, kwa kumaliza adhabu yake au kwa vita, na anarudi kwa mke wake. Kumpima anapoingia kwa hiari yake, kumtibu akiwa ndani, kumpa kondomu, na kumpa karatasi ya kuendelea na dawa anapotoka, si zawadi kwa mwizi. Ni ulinzi kwa familia inayomngoja.

Hoja ya wanaopinga

Mashariki mwa Kongo ni nchi ya wacha Mungu, na wengi watauliza: kwa nini pesa kidogo iliyopo iende kwa wanawake wa baa wakati mama wajawazito hawana dawa? Swali hilo si baya. Linastahili jibu lisilo la dharau.

Jibu la kwanza ni kwamba hayo si makundi mawili yaliyotengana. Mteja wa baa ya Kamituga ni mume wa mtu Bukavu, Uvira au Walungu. Mwanamke mjamzito anayepimwa leo na kukutwa na VVU, mara nyingi hakwenda kuvitafuta popote, vililetwa nyumbani. Serikali ilitangaza mwezi wa Juni 2025 mpango wa rais wa kumaliza VVU kwa watoto, na kuahidi dola milioni 18. Ni uamuzi mzuri. Lakini mtoto anaambukizwa na mama, mama anaambukizwa na baba, na baba alipita mahali. Kuziba mlango wa mwisho peke yake na kuacha ule wa kwanza wazi ni kuchota maji kwenye pirogi iliyotoboka.

Jibu la pili ni la hesabu. Kinga inaokoa wengi zaidi pale ambapo virusi vinapita zaidi. Mtu aliye na wapenzi wengi, akipimwa mapema na kumeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane tena kwenye vipimo, hawezi kuviambukiza kwa njia ya ngono. Hilo limethibitishwa na sayansi. Kidonge kimoja kwa siku kwa mtu huyo kinalinda nyumba nyingi ambazo hazitajua kamwe kwamba zililindwa.

Jibu la tatu linayahusu makanisa yenyewe. Hospitali na vituo vingi vya afya mashariki mwa nchi viko mikononi mwa Wakatoliki na Waprotestanti, na bila wao watu wengi wangekuwa hawana mahali pa kwenda. Hakuna anayewaomba wabariki kazi ya baa. Wanaombwa tu kwamba mtu anapofika mlangoni, asiulizwe maswali ya kumdhalilisha mbele ya wengine, wala jina lake lisifike sokoni kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008, iliyorekebishwa mwaka 2018, inalinda haki za watu wanaoishi na VVU na kukataza ubaguzi dhidi yao. Muuguzi anayetoa siri ya mgonjwa anavunja sheria ya nchi, na pia kiapo cha kazi yake. Wengi hawarudi kuchukua dawa kwa sababu ya midomo ya watu, si kwa sababu ya umbali.

Kinachopaswa kubadilika

Kwanza, saa na mahali pa huduma. Kituo kinachofungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tisa hakimpati mchimbaji aliye shimoni wala mwanamke anayelala mchana. Katika miji ya madini, kwenye bandari za ziwa Tanganyika na ziwa Albert, na kwenye mipaka kama Kasindi ambako malori yanalala, timu ya kupima na kugawa dawa lazima itoke jioni na kwenda walipo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache. Hakihitaji jengo.

Pili, watu wa kuifanya kazi hiyo. Mwanamke wa baa anamsikiliza mwenzake wa baa kabla ya kumsikiliza mtu aliyevaa koti jeupe. Mfano uko hapa hapa nchini. Tangia mwaka 2010, Kinshasa ina vituo vidogo vya mtaani vinavyoitwa PODI, vilivyoanzishwa kwa ushirikiano wa Madaktari Wasio na Mipaka na mtandao wa watu wanaoishi na VVU. Humo, anayekupa dawa zako ni mtu anayemeza dawa zile zile. Hakuna foleni ya hospitali, na hakuna haja ya kujieleza. Zoni za afya za Kivu na Ituri zinahitaji vituo kama hivyo, na waelimishaji rika wanaolipwa kitu kila mwezi. Mtu hawezi kuombwa kutembea usiku mzima kati ya baa na baa kwa kofia na shukrani tu.

Tatu, akiba. Kila kituo cha afya, hata cha mwisho, kiwe na viti vya PEP, vya watu wazima na vya watoto, na muuguzi aliyefundishwa kuvitumia. Kila mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mingi, na apewe karatasi inayosomeka popote, ili akikimbia Masisi akafika Minova, au akivuka mpaka, asianze upya. Dawa zisiwekwe zote kwenye ghala moja la mji mmoja. Wenye silaha, wa serikali na wasio wa serikali, waache magari ya dawa yapite. Kidonge cha ARV hakina upande katika vita hii.

Nne, dawa mpya zisiishie mjini mkuu. Mwaka 2024, utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda ulionyesha kwamba kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliodungwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Julai 2025, OMS ilipendekeza sindano hiyo itumike kwa kujikinga. Kwa mwanamke anayehamahama kutoka machimbo hadi machimbo, au anayekimbia vita, sindano moja kwa miezi sita ni rahisi kuliko kopo la vidonge la kuficha chini ya godoro. Kama kuna mahali ambapo sindano hiyo inapaswa kufika kati ya mahali pa kwanza, ni Kamituga.

Tano, fedha. Mjini Johannesburg, Novemba 2025, wafadhili waliahidi dola bilioni 11.34 kwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mfuko ulikuwa umeomba 18. Anayengoja kwamba wageni watarudi kulipa kila kitu atangoja sana. Mwaka 2001, Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga 15 kwa mia ya bajeti zao kwa afya. Kongo ni nchi inayotoa kobalti, shaba, dhahabu na koltani ambavyo dunia nzima inavihitaji. Haifai wanaochimba mali hiyo wakose kondomu. Kampuni, koperative za wachimbaji na majimbo yanayokusanya kodi machimboni yanaweza kubeba sehemu ya gharama ya kinga katika machimbo hayo hayo. Wabunge wa kitaifa na wa majimbo wana haki ya kuuliza, katika kila bajeti, ni pesa ngapi zilitengwa kwa ajili ya VVU na ni ngapi zilitoka kweli.

Anayehesabiwa

Programu za VVU hupimwa kwa idadi: wangapi wamepimwa, wangapi wanameza dawa, wangapi virusi vyao havionekani. Ndiyo maana ya 95-95-95 ya ONUSIDA. Hesabu hizo zina faida, lakini zinaweza kudanganya. Zoni ya afya inaweza kupima maelfu ya watu walio kwenye hatari ndogo, ikajaza ripoti, na isimfikie hata mmoja kati ya wale ambao virusi viko nao. Ni bora kupima watu mia moja katika baa za Kamituga kuliko elfu moja kwenye foleni ya mjini iliyojaa watu wanaojua tayari hali yao.

Kwa hiyo kuna maswali machache ambayo waziri wa afya, wakuu wa PNLS na PNMLS, waganga wakuu wa zoni, na pia wale wanaotawala miji iliyo nje ya mikono ya Kinshasa, wanapaswa kuweza kujibu bila kufungua kitabu. Msichana aliyebakwa usiku huu katika kijiji cha mbali atapata PEP wapi kabla ya siku tatu kwisha? Mfungwa atakayeachiwa kesho atachukua wapi dawa zake za mwezi ujao? Mwanamke anayefungua mlango wa chumba cha nyuma Kamituga, nani alizungumza naye mwezi huu, na alimwachia nini mkononi?

Wahudumu wa Matonge, kabla ya Septemba 1991, walikuwa wanajua kujibu swali la namna hiyo. Walimjua kila mwanamke, na walijua siku atakayorudi.